Mkanda wa ngozi wa begi la maleba: anza na mvaaji, rangi ije baadaye

Swali: Shikamoo fundi. Tunatengeneza filamu fupi ya vituko, hadithi yake ni ya mwaka 1936, na mhusika mkuu ni msafiri anayechimbua mambo ya kale. Nimepata begi la turubai la kijeshi la zamani. Mwongozaji anataka lining'inie kwa mkanda wa ngozi unaofanana na ule ulio kwenye picha tatu alizonipa. Nimeshajaribu mara moja: nilichukua ngozi laini ya kahawia, nikaikata, kisha nikaisugua msasa mwote ili ionekane kuukuu. Imetoka kama mkanda mpya uliokwaruzwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umekosea pa kuanzia. Umeanza na uchakavu, na uchakavu hauji wenyewe, unaletwa na matumizi. Mkanda wako haujapata mtu wa kuutumia. Kabla kisu hakijagusa ngozi, jiulize habari za mvaaji: begi linakaa nyonga ipi, mkanda unapita bega gani, ndani mna uzito kiasi gani, mkono upi huingia humo kila mara, na bizimu hufungwa tundu la ngapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia ngozi iwe nene kiasi gani, matundu yakae wapi, na mwishowe ni wapi pa kuchakaza na wapi pa kuacha kama palivyo. Mkanda uliochakaa sawasawa kuanzia ncha hadi ncha macho huukataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini, kwa sababu hakuna mwili unaoweza kuuchakaza hivyo.

Tuanze na picha zako tatu. Una bahati moja ambayo wengi hawana: begi lenyewe liko mkononi mwako, kwa hiyo tayari una kipimo. Pima upana wa begi kwa rula, kisha pima upana wa begi hilohilo kwenye picha, ukigawanya unapata kizidishio. Tuseme begi lako lina sentimita 28 na kwenye picha lina sentimita 14. Mkanda ulio na milimita 16 pichani utakuwa na milimita 32 kwa kweli. Na 32 ni jibu la kuaminika, kwa sababu mikanda na bizimu za zamani zilikuwa zikitengenezwa kwa inchi, na inchi moja na robo ni karibu milimita 32. Hesabu ikikupa 30 au 33, usishikilie desimali. Nenda kwenye kipimo cha inchi kilicho karibu: 25, 32 au 38. Bizimu nazo bado huuzwa kwa vipimo hivyohivyo, kwa hiyo utapata inayokaa vizuri.

Jihadhari na mambo mawili. Mkanda ulioelekea pembeni huonekana mwembamba kuliko ulivyo, na sehemu iliyo kifuani, karibu zaidi na lenzi, huonekana pana kuliko ile ya nyongani. Pima pale mkanda unapoikabili kamera, karibu na begi lenyewe. Jambo la pili ni picha iliyogeuzwa kushoto-kulia wakati wa kuchapwa. Hutokea kwenye picha za matangazo. Tazama vifungo vya shati: shati la kiume kwa kawaida huwa na vifungo upande wa kulia wa mvaaji. Vikionekana upande wa kushoto wa mvaaji, geuza picha kwanza, la sivyo utatengeneza mkanda wenye bizimu upande usio wake.

Ngozi sasa, maana hapa ndipo jaribio lako la kwanza liliposhindwa kabla hujashika msasa. Ngozi laini ya kahawia uliyochukua, kwa maelezo yako, karibu hakika ni ya kromu. Ngozi hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kale ni ya magome na majani yenye tanini, inayochukua wiki hadi miezi. Nyingine ni ya chumvi za kromu, inayoweza kumalizika kwa siku moja au mbili. Hataza ya Augustus Schultz ya mwaka 1884 nchini Marekani ndiyo iliyofungua njia ya kromu kiwandani, kwa hiyo mwaka 1936 ngozi ya kromu ilikuwapo, tena nyingi. Lakini kwa mikanda ya kubebea mizigo, hatamu na mishipi, watu waliendelea na ngozi ya magome kwa sababu ni ngumu na hainyooki ovyo. Ngozi ya kromu ni laini, inavutika, na ukingo wake haukubali kung'arishwa: unausugua na bado unabaki na manyoya. Zaidi ya hayo, rangi yake imewekwa kiwandani, hivyo msasa hauleti uzee, unaleta mikwaruzo. Ndicho ulichokiona.

Kuzitambua si kazi. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au bluu katikati. Dondosha tone la maji upande wa uso: ngozi ya magome isiyopakwa kitu hunywa maji na kufanya doa jeusi-jeusi palepale. Au choma kijipande kidogo nje, penye hewa: majivu ya kromu huelekea kijani, ya magome huwa kijivu. Chagua ya magome, isiyotiwa rangi, yenye unene wa milimita 3 hadi 3.5. Ikipungua hapo mkanda utajikunja kama utepe begani. Ikizidi 4 utasimama mbali na mwili, na mwigizaji ataonekana amevishwa lijamu.

Kisha uliza kipande kimetoka sehemu gani ya mnyama. Mgongoni ngozi ni nzito na nyuzi zake zimeshikamana. Tumboni ni legevu. Kata mkanda sambamba na uti wa mgongo, na tumbo uliache kabisa. Hili nililipia. Miaka ya mwanzo nilikata mkanda wa begi la mjumbe kutoka ukingoni, karibu na tumbo, kwa sababu kipande kilikuwa kirefu na uso wake ulikuwa msafi. Asubuhi begi lilikuwa nyongani. Jioni, baada ya kukimbia na kuanguka tangu alfajiri, lilikuwa linagonga paja. Mandhari mbili zilizopigwa siku hiyo zilipaswa kufuatana kwa dakika moja ya hadithi, na begi lilikuwa limeshuka kiganja kizima. Walilazimika kurudia kazi ya nusu siku. Tangu hapo kila mkanda wangu unaning'inizwa usiku mmoja ukiwa na uzito wa kilo 3 au 4 kabla sijatoboa tundu hata moja, ili unyooke mikononi mwangu usije ukanyookea mbele ya kamera.

Urefu usiupate kwenye picha. Mvishe mwigizaji nguo zake zote za maleba, koti likiwemo, weka begi lenye vitu vyake halisi ndani, na tumia utepe wa turubai kutafuta mahali linapokaa. Mwambie atembee, aketi, achuchumae, aingize mkono begini. Alama ikishakubalika, pima. Tuseme umepata sentimita 120 kutoka pete ya upande mmoja wa begi hadi pete ya upande wa pili. Mkanda wa vipande viwili, kifupi chenye bizimu na kirefu chenye matundu, utahitaji sentimita 7 za kukunja kwenye kila pete, nyingine 7 za kukunja kwenye bizimu, na karibu 15 za ncha inayopita bizimu. Ongeza 5 za kupunguza baadaye. Jumla ni karibu sentimita 160, na unaigawa: kipande cha bizimu kama 45, kinachobaki ni cha matundu. Bizimu ikae mbele ya kifua au juu ya nyonga kufuatana na picha zako, lakini kamwe isikae juu ya mfupa wa bega. Itamuumiza mwigizaji, na mtu anayeumia hutembea tofauti.

Kata kwa rula ndefu ya chuma na kisu kikali sana, kwa mkato mmoja uliotulia. Mikato mitatu ya kusitasita huacha ngazi ukingoni ambazo hutazimaliza kwa msasa. Baada ya hapo punguza kona za ukingo pande zote mbili kwa kifaa cha kukatia kona, zilowanishe kidogo, na uzisugue kwa kipande cha mbao ngumu kilicholainishwa mpaka zianze kung'aa. Usizing'arishe kupita kiasi. Mkanda wa kazi wa wakati ule ulikuwa na ukingo safi, si ukingo wa kioo.

Sehemu ninayokuomba uipe muda ni mkunjo wa bizimu, kwa sababu kamera husogea hapo na ndipo kazi ya haraka inapojulikana. Ulimi wa bizimu unahitaji mwanya wa kupitia. Toboa matundu mawili ya mviringo, umbali wa milimita 20 hadi 25, mstari wa katikati kabisa, halafu unganisha kwa mikato miwili iliyonyooka upate tundu refu lenye ncha za mviringo. Usikate mstatili: pembe kali ni mwanzo wa kuchanika, na tundu la mviringo hugawa mvuto. Sasa punguza unene wa ile ncha itakayolala nyuma, upande wa nyama (ule wa ndani, wenye manyoya), ukianzia milimita 3.5 na kwenda kama mteremko hadi karibu milimita 1 mwishoni. Lakini pale pale ngozi inapozunguka chuma usishuke chini ya 2.5. Wengi hupunguza hapo ili mkunjo ukubali kirahisi, na hapo ndipo mkanda hukatika. Loanisha mkunjo kwa sifongo, subiri dakika chache mpaka rangi yake ya asili ianze kurudi huku ngozi ingali baridi ukiigusa, kisha ukunje juu ya bizimu na ubane kwa vibao viwili mpaka ukauke. Uso hautapasuka, na mkunjo utakumbuka umbo lake.

Kushona au ribiti? Tazama picha zako. Njia zote mbili zilitumika, na mikanda mingine ilikuwa na zote. Kama ni kushona, tumia sindano mbili, kila ncha ya uzi na yake, zikipishana kwenye kila tundu la msharasi. Mshono huo hata uzi ukikatika mahali pamoja, uzi wa pili bado umeshika. Wa cherehani ukikatika huanza kufumuka. Acha milimita 4 kati ya tundu na tundu, mstari uwe milimita 4 kutoka ukingoni, na uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono. Malizia kwa kurudi nyuma matundu mawili au matatu. Na uzi uwe wa kitani uliopakwa nta. Nailoni ilitangazwa mwaka 1938 na poliesta ikaja baada yake, kwa hiyo katika hadithi ya 1936 uzi unaong'aa kama plastiki ni mgeni. Kwa ribiti, ya shaba nyekundu yenye kikosi chake, yaani kile kipete bapa kinachovishwa kwenye shina, ndiyo inayofaa: pitisha, gonga kikosi kishuke, kata shina ubakize milimita 2 hivi, kisha ligonge taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka lifanye kijikuba. Skrubu za kufungia mikanda zenye mfuo kichwani ziache. Ni rahisi kutumia, lakini kamera ikikaribia zinakusaliti.

Begi lenyewe usilikate. Mkanda wake wa turubai ufumue mshono mmoja mmoja, uuhifadhi, na uweke pete kwa vishikizo vidogo vya ngozi vinavyopita mahali palepale mshono wa zamani ulipokuwa. Begi la zamani likishakatwa halirudi lilivyokuwa.

Rangi. Ngozi ya magome ikitiwa mafuta na kuachwa juani siku mbili tatu hugeuka yenyewe kuwa ya asali, na mara nyingi hiyo ndiyo nusu ya kazi. Juu yake paka rangi ya spiriti iliyozimuliwa, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kwa kitambaa kinachozunguka. Ikiwa mbichi huonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa. Usihukumu kabla ya saa kadhaa. Jaribu kila kitu kwenye vipande vilivyobaki vya ngozi ileile, kwa sababu ngozi mbili tofauti hunywa rangi moja kwa namna mbili.

Njia moja ninayoipenda kwa ngozi ya kuukuu ni siki na chuma. Chukua zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zioshe kwa sabuni mafuta yatoke, uzitumbukize kwenye siki nyeupe siku kadhaa, kifuniko kikiwa kimelegezwa kwa sababu gesi hutoka humo na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Chuja. Maji hayo yakigusa tanini iliyo ndani ya ngozi huibadili kuwa nyeusi, na hiyo si rangi iliyokaa juu, ni ngozi yenyewe iliyogeuka. Yazimue sana kwa maji na utapata kivuli cha kijivu-kahawia, kama cha mahali palipolowa jasho miaka mingi. Paka tu pale jasho lingefika: upande wa ndani begani, na kidogo mgongoni. Kisha pitisha maji yenye soda ya kuokea kuituliza asidi, acha ikauke, na urudishe mafuta. Kwenye ngozi yako ya kromu, maji haya hayatafanya kitu cha maana.

Sasa ndiyo tunafika ulipoanzia wewe. Uvae mkanda. Sisemi kwa mfano: uvae nyumbani wiki nzima ukiwa na begi lenye uzito, au mpe mwigizaji mwenyewe, ndiyo bora. Ulowanishe kidogo kwanza sehemu ya bega ili ichukue mteremko wa bega lake. Baada ya siku chache ngozi itakuonyesha yenyewe inapokunjika, na kazi yako inakuwa kuongeza kile ilichokwisha kuanza. Mikunjo iliyojitokeza itie nta nyeusi kidogo kwa kidole, ufute ya juu. Ukingo wa chini unaosugua nyonga upitishe kitambaa chenye spiriti, rangi ipauke, kisha msasa laini wa namba 400, mara mbili tatu tu. Upande wa nyama unaogusa shati ung'arishe kwa kiganja chenye mafuta. Ngozi iliyovaliwa huwa laini na nyeusi upande huo, wakati mkanda mpya hubaki na manyoya.

Na matundu. Chukua mkanda wowote wa zamani ulio nao, hata wa suruali, uutazame karibu. Kati ya matundu matano, moja limevutika kuwa la yai kuelekea upande wa mvuto. Juu yake pana mstari mweusi uliobonyea, ambapo fremu ya bizimu imelala miaka yote. Tundu la jirani lina kivuli hafifu cha mstari kama huo, labda la wakati mwenyewe alipovaa koti zito. Mengine matatu ni mazima, ya mviringo, kingo zake bado kali. Fanya hivyo hasa. Funga bizimu tundu lako kwenye ngozi yenye unyevu, ning'iniza uzito usiku kucha, na mstari utajichora. Lile tundu moja lina habari nyingi kuliko saa tatu za msasa.

Bizimu iwe ya shaba ya njano tupu. Sumaku ikiishika, ni chuma kilichopakwa. Isipoishika, kwangua nyuma uone kama rangi ni ileile ndani. Nyingi hupakwa vanishi ya kuzuia kuchujuka. Iondoe kwa asetoni, madirisha yakiwa wazi, kisha ilaze kwenye kitambaa chenye siki na chumvi mpaka ipoteze mng'ao. Ioshe vizuri mno kabla haijagusa ngozi, kwa sababu chumvi iliyobaki italeta kutu ya kijani hata mahali usipoitaka. Mwisho sugua kwa kitambaa ncha ya ulimi na kona za fremu tu. Hapo vidole hupita kila siku, kwa hiyo hapo huwa pameng'aa.

Kwenye mandhari yenyewe kuna mambo ambayo hayamo pichani. Taa hupenda kurudi kwenye kitu kinachong'aa, basi malizia kwa nta kavu, si kwa kipakwa kinachong'aa kama kioo. Bizimu inayocheza kwenye pete hulia ndani ya kipaza sauti. Funga uzi wa kitani mara mbili tatu upande wa nyuma, haitaonekana. Tengeneza mikanda miwili kwa siku ileile, kutoka ngozi ileile, na uandike idadi ya tabaka za rangi, kwa sababu mmoja utalowa au kupotea. Kama kuna mandhari ya kuanguka, kuburuzwa au kushikwa na gari, mkanda wa hapo usiwe huu. Huu hautakatika, na umepita kifuani na karibu na shingo ya mtu. Wa hatari uwe na mahali pa kuachia kwa urahisi, pamefichwa nyuma, na ujaribiwe na wanaosimamia usalama kabla mwigizaji hajauvaa.

Mwisho, kabla hujaukabidhi, sugua mkanda wote kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, uso na upande wa nyama. Kikitoka na rangi, rudia kufuta na kupaka nta mpaka kitoke kisafi. Shati la mwigizaji wako huenda liko moja tu.